Kizuizi cha Ghorofa ya Tisa

Katika nyumba yetu ya Xiaobei, mjini Guangzhou, hukuweza kuingia hata na mfuko wa vitunguu bila kuulizwa ulikotoka. Swali lilitokea chini, kwa sababu muulizaji alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu cha plastiki, kile kifupi kisicho na mgongo, katikati ya ukumbi mwembamba wa kuendea stoo. "Fungua," alisema. Ulifungua. Alichungulia, akavichomachoma vitunguu kwa waya wa mwavuli mbovu, akasema, "Haya, pita." Kisha aliendelea pale pale alipokuwa ameishia, na alipokuwa ameishia ni kuvilaani vizuizi wanavyowekewa Wapalestina njiani huko kwao. Alivilaani kwa uchungu wa kweli, huku mguu mmoja ameunyoosha hadi ukuta wa pili ili mtu asipite kabla hajaruhusiwa.

Tulimwita Mzee wa Stoo. Jina lake lilikuwa kwenye pasipoti na sina haja nalo hapa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Watanzania tuliokwenda Guangzhou kununua mali tulikuwa wachache, tunajuana kwa kikohozi, na tulikodi kwa pamoja nyumba moja ghorofa ya tisa, jengo halina lifti: chumba cha wanaume, chumba cha wanawake, jiko, na chumba kirefu tulichokifanya stoo. Mali ya mtu mmoja haikujaza kontena, kwa hiyo tulirundika katoni zetu mle mpaka zikatosha, tukachangia kontena moja la kwenda Dar es Salaam. Mzee ndiye aliyeshika funguo za stoo, ndiye aliyepanga, ndiye aliyesimamia kupakia. Alikuwa mtu wa Dar, Mwislamu wa kuamka alfajiri. Mimi ni mwanamke wa Tanga, nilikuwa nanunua mikoba kwenye viwanda vya kule Shiling, na yeye hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "we Mtanga".

Niseme mapema kilichotuweka roho juu msimu ule, ili ijulikane kwa nini kiti kile hakikuwa mchezo. Mwaka ule Krismasi na Idd zilikaribiana, hazikupishana hata mwezi. Mzee alikuwa amenunua nguo za watoto za Idd, vikanzu na magauni ya kumetameta, na hakubakiza kitu mfukoni. Mama Songea, mwenzetu wa bara, alikuwa amenunua nguo za watoto za Krismasi, na duka lake kule Songea lilikuwa rafu tupu zinazongoja. Vyote vilikuwa vinaingia kontena moja. Nguo ya sikukuu haingojei mtu; sikukuu ikipita umebaki na matambara yanayometameta. Kwa hiyo hao wawili walihitajiana kuliko mke na mume. Na hao hao wawili ndio ambao hawakuweza kunywa chai meza moja bila kupigana vita vya Mashariki ya Kati.

Mchokozi alikuwa redio. Mzee alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na waya wa antena aliutoa dirishani akaufunga kwenye fito ya jirani ya kuanikia nguo. Jirani, Mchina wa watu, alipoona ameletewa kamba ya bure, akaanika soksi. Siku za mvua matangazo ya Kiswahili yalikuja yanakoroma, na Mzee alituapia kwamba mabeberu wanaziba mawimbi. Zilikuwa soksi. Siku hizo mazungumzo ya amani yalikuwa hayaishi. Wakubwa walipeana mikono, wakanuniana, wakapeana tena, na kila walipopeana Mzee alituambia kwamba mikono ile haikushikana vizuri. Alijuaje kupitia redio, sijui mpaka leo.

Akishaizima alichora ramani kwa karanga. Birika ndilo lililokuwa Baitul Makdis, yaani Yerusalemu, kopo la sukari lilikuwa bahari, karanga za kona ya meza zilikuwa Gaza, na fungu la katikati Ukingo wa Magharibi. Alikuwa mwalimu mzuri, lazima nikiri, na mengi ninayoyajua nimeyajua mezani pale. Shida ni kwamba alipenda karanga. Alipofika kwenye dhuluma mkono ulikwenda wenyewe, na kabla hajaumaliza mwaka sitini na saba alikuwa ameshaitafuna Gaza yote huku anaitetea, na vidole vimeanza kuunyemelea Ukingo wa Magharibi.

"Baba," Mama Songea alimwambia siku moja, "nchi ya watu hiyo unakula."

Mzee aliutazama mkono wake. Akasema Mama Songea anahamisha mada.

Na Mama Songea naye asijitoe. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuwaamsha majirani wa ghorofa tatu, na Biblia yake ilikuwa na mfuko wa zipu ambao aliufungua kwa kishindo kabla ya kujibu hoja. Kwake yeye Waisraeli wa redioni walikuwa wale wale wa jangwani, na ndala zao zile zile. Alikuwa ameiimba Yerusalemu miaka mingi kiasi kwamba alizungumza kana kwamba kwaya yao ina kiwanja kule, na mtu mwingine anataka kukivamia. Hakuna kati yao aliyewahi kufika. Mzee aliwahi kuishi Dubai, na kwa sababu hiyo alianza sentensi zake kwa kusema, "Sisi tuliokaa nao karibu."

Ugomvi wao ulikwenda kinyumenyume.

"Arubaini na nane," Mzee alisema. "Watu wametolewa majumbani mwao, funguo ziko mkononi. Hapo ndipo ilipoanzia."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo kuna Mwingereza. Kaahidi kisicho chake."

"Na kabla ya Mwingereza hakuna aliyeahidi? Soma hapa, baba. Soma mwenyewe."

"Turudi nyuma kidogo," Mzee alisema, na hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake. Turudi nyuma kidogo. Wakarudi kwa Warumi, wakarudi kwa Firauni, mpaka wakafika kwa Ibrahim na Sara na Hajiri, na hapo vita vyote vikawa vya wake wenza. Kwenye ugomvi wa wake wenza hakuna nyumba ya Kitanzania isiyo na mtaalamu, kwa hiyo nasi tuliokuwa tumenyamaza tuliingia, kila mmoja na shangazi yake wa mfano. Chai ilipoa, chapati zikakauka, na masoko ya nguo yalifunguliwa bila sisi. Niliwahi kuuliza, "Sasa yule anayesimamishwa njiani leo, mkishajua nani alianza, yeye ndio anapita?" Wote wawili walinigeukia kwa pamoja. Ilikuwa mara moja tu nilipowaona wanakubaliana, na walichokubaliana ni kwamba mimi sijui siasa.

Mwenye nyumba, mama wa Kichina tuliyemwita laoban kama tulivyomwita kila mwenye mali mjini pale, alipanda siku moja kufuata kelele. Alidhani tunagombea mchele. Nilijaribu kumweleza kwa Kichina changu cha sokoni, ambacho kilitosha kusema ghali, punguza na hakuna. Nikasema watu wawili, nyumba moja. Akauliza kwa mikono ni chumba gani wanachogombania, tukionyeshe, akigawe. Nikamwambia hapana, laoban, ni mbali, mbali sana. Alitutazama mmoja mmoja, akashuka, na maji yakakatwa hadi jioni.

Kiti chenyewe kilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nzuri. Kuna mwenzetu aliwahi kuficha viberiti vya gesi stooni, ukuta mmoja na jiko letu, na Mzee aliviona kwa bahati siku ambayo kulikuwa na joto la kutosha kutuunguza sote. Tangu hapo akakaa ukumbini, na neno lake likawa usalama. Lakini sababu nzuri hainenepi kama isipolishwa, na yeye aliilisha. Mwanzo alikagua katoni. Baadaye mifuko. Baadaye alitaka kujua unatoka kwa nani, umekula nini huko, na kwa nini umechelewa. Sisi wa pwani tuliulizwa swali moja. Wa bara waliulizwa matatu. Nilipomwambia alisema, "We Mtanga, huo si ubaguzi. Huo ni uzoefu."

Mzee huyu simba wa ukumbini, akishuka mtaani alinywea. Polisi wa Guangzhou walikuwa na kawaida ya kusimama karibu na kituo cha basi na kuomba pasipoti za wageni. Sisi wengine tuliongeza mwendo au tulijifanya tunatazama viatu dukani. Mzee aliwafuata. Alitoa pasipoti kabla hajaombwa, akaifungua mwenyewe kwenye ukurasa wa viza, akaishika kwa mikono miwili na kuinama kidogo, na siku moja polisi aliyekuwa anakula zake kiazi kitamu cha kuchoma alimfukuza kwa ishara ya kichwa. Tulipopanda ngazi alikuwa kimya hadi ghorofa ya tano. Ya sita akapata sauti. Alipofika ya tisa alikaa kitini, akanikazia macho, akasema, "Fungua."

Nisimuonee. Mama Songea alipougua malaria aliyokuja nayo kutoka nyumbani, Mzee ndiye aliyemtafuta daktari, ndiye aliyempikia uji na kuupuliza mpaka ukapoa, na alizima redio kwa hiari yake, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kulifanya. Walipombeba kushuka ngazi kwenda hospitali Mzee alishika upande wa miguu, huku anasoma dua, na Mama Songea anamwambia kwa sauti ya mgonjwa kwamba asome tu, haitamdhuru. Mama Songea aliporudi na mfuko wa dawa, amepungua nusu, kiti kilikuwa mahali pake.

"Pole sana, mama. Alhamdulillahi umerudi," Mzee alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Fungua."

Nilikasirika. Mama Songea alicheka mpaka akashika ukuta.

Katika sheria zake, kubwa ilikuwa ya kufuli. Aliyepakia mwisho ndiye aliyetia kufuli lake mlangoni mwa kontena na kuondoka na ufunguo, na Dar, hata forodha wakishamaliza kazi yao, mlango haukufunguliwa mpaka mwenye kufuli awepo. Atakayevunja kufuli la mwenzake hana nafasi tena katika kontena letu, awe nani. Sheria hiyo aliitunga yeye, akaisema kila msimu, na ilitusaidia, kwa sababu hatukuwahi kuibiana.

Kisha siku moja akaja Mpalestina. Wa kweli, mzima, kijana wa Hebroni aliyekuwa ananunua viatu vya plastiki. Wakala wetu wa kusafirisha mizigo alikuwa ameweka katoni zake stooni kwetu kwa siku chache, na kijana alikuja kuzichukua, lori linamngoja chini mahali pasiporuhusiwa kuegeshwa. Mzee alipoambiwa huyu ni nani, aliinuka kitini, kitu nisichowahi kukiona. Alimkumbatia. Alimsalimia kwa Kiarabu cha madrasa kilichochanganyika na cha Dubai, akamshika mkono, na akakaa tena, kwenye kiti kile kile, mguu ukutani.

Akamuuliza babu yake alitoka kijiji gani, na mwaka gani. Akamuuliza maoni yake kuhusu Mwingereza. Kijana alijibu maneno mawili matatu, na Mzee akatutafsiria hotuba nzima. Sauti ya honi ya lori ilipanda kutoka chini. Mama Songea alitoka jikoni na Biblia yake, zipu wazi, maana naye alikuwa na maswali. Kijana alitutazama, akatazama mlango wa stoo, mita chache tu kutoka aliposimama.

"Mwambie huyu mama," Mzee alisema kwa Kiarabu, na hilo hata mimi nililielewa, "mwambie kwa mdomo wako. Nani alianza?"

"Sijui, mzee," kijana alijibu. "Naomba nipite."

Mzee alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kijana alipitishwa, ndiyo, lakini wakati wa kutoka Mzee alimwambia afungue katoni. Kijana alimuuliza kitu kwa sauti ndogo. Niliomba nitafsiriwe, Mzee akakataa, na baadaye wakala ndiye aliyeniambia. Kijana alisema, "Hata huku?" Alizifungua zote, akazifunga tena kwa gundi ya karatasi, na akashuka anakimbia. Jioni ile Mzee alikula bila hamu. "Mpalestina gani yule," alisema. "Hajui hata historia yake."

Tuje sasa kwenye kona. Stoo ilikuwa na kona moja kavu, ya dirishani. Kwingine kote ukuta ulitoa jasho. Katoni za Mzee zilikaa dirishani miaka yote. Msimu ule magauni ya Mama Songea yalianza kushika ukungu, akaomba kona. Mzee akakataa.

"Nyumba hii aliikodi kaka yangu," Mama Songea alisema. "Kabla yako, baba. Wewe alikukaribisha. Mpaka leo ufunguo anao, umetundikwa ukutani kwake Songea."

"Kaka yako hayupo. Mimi nipo. Kona hii niliikuta ina ukungu na mende, nikaisafisha kwa mikono yangu, nikaweka mbao. Nani alikuwa anaitaka kabla sijaitengeneza?"

Nilikuwa nimekaa juu ya mikoba yangu, na nilitamani kupiga makofi. Mmoja alikuwa anadai kwa ufunguo wa aliyeondoka, mwingine anajitetea kwa kazi ya aliyekuja, na kwa miaka yote ile mezani walikuwa wameshindana kinyume cha hivyo. Walikuwa wamebadilishana hoja nzima nzima, na hakuna aliyeshtuka. Wiki nzima hawakusemeshana. Mama Songea alianika magauni kwenye waya wa antena, na sasa redio ikanyamaza kabisa.

Kontena lilikuja asubuhi moja ya Novemba, juu ya lori, likaegeshwa uchochoroni. Dereva alisema saa sita anaondoka kwenda bandarini Huangpu, tumemaliza hatujamaliza. Meli ile ikitupita, nguo za Krismasi zingefika karibu na Pasaka, na za Idd zingefika watoto wameshavaa za mwaka jana.

Kila aliyewahi kuchangia kontena anajua kwamba linaingilia na kutokea mlango mmoja. Kinachoingia kwanza kinalala ndani kabisa, na kitatoka mwisho. Ndiyo maana siku zote tulibembelezana kupakia mwisho, tukapeana visingizio, tukajifanya tunatafuta kalamu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Lakini siku ile wapakiaji wa Kichina walianza na zilizokuwa karibu na mlango wa stoo, na hizo zilikuwa za Mama Songea. Mzee aliona katoni za kwanza zinashuka ngazi, akazifuata hadi uchochoroni.

"Hizo zinatangulia kwa nini?" alifoka. "Nani wa kwanza hapa?"

Mama Songea alikuwa chini, kando ya lori, jasho linamtoka. "Nani, baba?"

"Mimi."

"Sema watu wasikie."

"Mimi ndiye wa kwanza! Nyumba hii, kona, kontena, sisi ndio tulioanza! Hakuna atakayenitangulia!"

Mama Songea alijifuta jasho. Nilimwona anafikiri, kisha uso ukalainika kabisa, kama wa mtu aliyesikia wimbo anaoupenda. Aliwaonyesha wapakiaji warudishe katoni zake pembeni.

"Basi tangulia, baba," alisema kwa heshima zote. "Wa kwanza ni wewe. Nimekubali."

Tukatazamana. Nilimvuta Mzee shati. "Mzee, hebu fikiri kidogo."

"We Mtanga, nyamaza. Haki imesimama."

Haki ikapakiwa, vikanzu na magauni ya Idd, hadi kwenye ukuta wa mwisho wa kontena. Na kwa kuwa hakutaka mali zichanganyike tena, alituma mbao nyembamba ziletwe, akazipigilia misumari mwenyewe, ukuta mzima kutoka sakafuni hadi juu, katikati ya kontena. Huo, alisema, ndio mpaka, na mpaka ukieleweka watu wanaishi kwa amani. Mikoba yangu niliipanga ubavuni, upande wa mlangoni, akaniita msaliti. Kisha Mama Songea akaleta za kwake: mablanketi na sahani za plastiki kwanza, zimebanwa kwenye zile mbao hadi juu, na nguo za Krismasi mwisho. Aliposogeza mlango ufungwe, nilimwona Mzee amesimama uchochoroni na nyundo mkononi, anatazama ndani. Macho yalikwenda mlangoni, yakaenda kwenye mbao, yakarudi mlangoni. Alielewa. Ningeapa kwamba alielewa. Dereva alikuwa ameshawasha gari, na Mzee angeweza kusema neno moja tu, na neno hilo hakuwa nalo. Mama Songea alitia kufuli lake na ufunguo akautumbukiza kifuani.

Kontena lilifika Dar katikati ya Desemba, likashushwa kwenye yadi moja Ilala. Mama Songea alitoa nguo zake za Krismasi siku ile ile, nami nikatoa mikoba kiasi nilichoweza kubeba. Lori la Songea lilikuwa linamngoja. Mablanketi na sahani akaviacha pale pale, mpaka juu, akafunga kufuli, akapanda mbele na dereva. "Nikishauza narudi," alisema. Mzee alikuja yadini kesho yake, akakuta kufuli.

Kila mtu alimwambia avunje. Mwenye yadi alimletea hadi nyundo. Ramadhani ilikuwa imeingia, wenye maduka wa Kariakoo walimuuliza kila siku nguo ziko wapi, na yeye alikataa. Kufuli la mwenzio halivunjwi. Sheria aliitunga mwenyewe. Alikuwa anapiga simu dukani Songea, anajibiwa mama kaenda vijijini na mali. Mchana alikuja kukaa kwenye kivuli cha kontena na kiu yake, anagonga bati lake kwa kiganja, anasikiliza kama kuna panya ndani. Nilimheshimu sana siku zile. Na nilimcheka, niseme kweli, nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku Mama Songea aliporudi. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mikoba iliyobaki. Idd ilikuwa imekaribia kiasi kwamba mtu akitoa nguo leo atauza, akitoa keshokutwa atagawa sadaka. Mama Songea alikuwa ameshafungua mlango, na alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti chekundu cha plastiki, kifupi, kisicho na mgongo. Alikuwa amekinunua Xiaobei, akakisafirisha na sahani. Amenenepa, amependeza, Krismasi ilikwenda vizuri. Wabebaji wa yadi walisimama kando, wanangoja kuambiwa.

Mzee alikuja na kanzu, midomo imemkauka kwa saumu. Amekonda. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo.

"Shikamoo baba," alisema Mama Songea bila kuinuka.

"Marahaba, mama. Za safari?"

"Nzuri. Fungua."

Watu wakacheka. Mzee aliufungua mfuko. Mlikuwa na nyundo ya kung'olea misumari ya mbao zake mwenyewe, na kofia. Mama Songea alichungulia, akaigeuzageuza kofia kwa kijiti.

"Unakwenda wapi?"

"Ndani, mama. Nguo za watoto."

"Za watoto." Mama Songea alinyoosha mguu hadi ukingo wa pili wa mlango. Nilijua alikuwa ameiandaa siku hii njia nzima kutoka Songea. Alikuwa na Biblia mapajani, na zipu ilikuwa wazi. "Turudi nyuma kidogo, baba. Wewe ni msomi. Waambie hawa. Ugomvi huu, nani alianza?"

Nilingoja arubaini na nane. Nilingoja Mwingereza. Kicheko cha wabebaji kilikwisha chenyewe, na bado Mzee alikuwa anatazama ndani ya kontena, kule gizani kwenye mbao alizozipigilia.

"Sijui, mama," alisema. "Naomba nipite."

Mama Songea alifungua mdomo. Majibu yote aliyokuja nayo yalikuwa ya swali jingine. Alinitazama mimi, sijui kwa nini. Kisha aliukunja mguu, akafunga zipu ya Biblia, akasogeza kiti.

Alikisogeza kidogo tu. Mzee alikusanya kanzu yake mkononi, akapita kiubavu.